Kopo la USIPIKE

Jumapili, 1 Machi

Binti yangu amepiga simu baada ya ibada, kama ilivyo desturi yake. Ana habari njema. Wamemgawia kipande cha ardhi nyuma ya zahanati anakofanya kazi ya uuguzi, na anataka kulima. Akauliza, "Baba, mwezi wa nane nitakuja kuchukua mbegu ya Mama. Ipo?"

Nikajibu, "Ipo."

Haipo.

Naandika haya kwa aibu. Nilikuwa msahihishaji katika kiwanda cha uchapaji cha misheni kwa miaka thelathini na minne. Kazi yangu yote ilikuwa kuzuia kosa lisipite, hata likiwa la nukta. Leo nimelipitisha mimi mwenyewe, la silabi mbili.

Mbegu niliipika. Niandike hivyo hivyo, bila kupamba. Miaka miwili iliyopita, siku ya tatu ya msiba wa mke wangu, chakula kilipungua na wageni walikuwa bado wamejaa uani. Sikuona vema mgeni akae na sahani tupu. Juu ya jiko, katika moshi, yalikuwa yananing'inia mahindi kumi na sita, yamefungwa mawili mawili kwa maganda yake yenyewe. Nikayashusha. Nikawakabidhi wanawake waliokuwa jikoni. Wakatazamana. Nikasema, "Samahani, naomba yachemshwe." Yakachemshwa. Nikapita na sinia nikimwuliza kila mtu kama chumvi imetosha.

Ilikuwa mbegu. Mke wangu aliipata kwa mama yake, naye kwa mama yake. Nilikuja kuelezwa wiki mbili baadaye, kwa upole mwingi. Kufikia hapo hata maji ya kuchemshia yalikuwa yamemwagwa.


Jumanne, 3 Machi

Nimelifungua sanduku la marehemu. Sikuwa nimelifungua tangu siku ile. Kwanza nilibisha juu ya kifuniko—sijui kwa nini—kisha nikaomba radhi, kisha nikafungua.

Nguo zake. Viatu vya ibada. Chini kabisa, kopo la majani ya chai lenye kifuniko kilichokazwa kwa utambi. Ubavuni limebandikwa karatasi, na juu yake, kwa herufi kubwa: USIPIKE

Hakuna nukta mwishoni. Niliichukua kalamu nyekundu kwa mazoea. Nikairudisha mfukoni.

Ndani mna majivu. Katika majivu, punje za mahindi. Nyeupe, ndogo, ngumu kama vifungo vya shati. Nimezihesabu mara tatu: sitini na mbili.

Basi alinijua. Miaka arobaini na mmoja ya ndoa, na hakuwahi kuniambia kwamba ananijua kiasi hicho.


Jumatano, 4 Machi

Nimekwenda kwa jirani yangu, Bi Fundi. Ni mshonaji, cherehani yake iko barazani na kutoka hapo anaona nyumba zote mbili, yake na yangu. Nilianza kwa kumtaka radhi kwa kumkatiza. Akasema hata sijamkatiza bado.

Nikamwonyesha punje moja. Akaitafuna pembeni kidogo—nilishtuka!—akaitema.

"Mzee wangu, mbegu ya mwaka wa tatu ni kama bibi harusi wa miaka sabini. Anaweza kuja, anaweza asije. Weka kumi kwenye kitambaa kibichi, ukunje, uweke pahali pa joto. Siku ya tano utajua."

Nikauliza kama anaikumbuka ile nyingine, ya msibani.

"Nakumbuka. Tulitazamana pale jikoni. Nani angemkataza mfiwa? Tena wewe, ulivyokuwa unatuomba kwa adabu!" Akakanyaga cherehani. "Chumvi ilikuwa imezidi."

Hilo sikuwa nimeambiwa.

Sasa zimebaki sitini na moja. Nimeweka kumi kwenye leso yangu.


Jumatatu, 9 Machi

Sita zimechipua! Nne zimeoza.

Nimezitazama hizo sita kwa miwani ya kazi. Zilikuwa zimevimba kwa kunywa maji, kisha ganda limepasuka penye ncha, na kimetoka kijizizi cheupe. Mzizi ndio hutangulia. Jani bado limejificha. Nilidhani kitu cha kwanza mbegu inachokitaka ni mwanga. Kumbe hutafuta kwanza mahali pa kushika.

Mvua imenyesha adhuhuri. Udongo umelowa hadi kiganja kizima. Bi Fundi amepaza sauti kutoka barazani kwamba kama nangoja barua ya mwaliko, hiyo ndiyo.


Jumanne, 10 Machi

Nimepanda. Punje hamsini na moja kavu na sita zenye mizizi. Hamsini na saba.

Nilitumia rula ya chuma ya kiwandani na uzi. Mstari hadi mstari hatua moja, shimo hadi shimo rula moja, kina pingili mbili za kidole. Bi Fundi aliniangalia muda mrefu.

"Mzee, unapanda au unapiga chapa?"

Nikamwuliza, kwa kuwa nilitaka kufanya sawa, upande upi wa punje ukae juu. Alicheka mpaka akatoa mguu kwenye cherehani. Akasema mbegu inajua juu ni wapi na chini ni wapi. Wasiojua ni binadamu. Hata hivyo nilizilaza zote upande mmoja. Haikugharimu kitu.

Yeye pia alikuwa na beseni la mbegu miguuni pake. Zake ni za dukani, za njano, kwa ajili ya kuku wake. Beseni limekaa pale siku kadhaa. Nilipomwaga maji ya kunawa mikono nilimtakia mchana mwema na kumtaka radhi kwa usumbufu. Alinitazama kana kwamba sentensi haijaisha. Jioni akapanda.


Jumamosi, 14 Machi

Nimefanya jambo la kipumbavu. Nilishindwa kungoja, nikafukua shimo moja ili kuona. Punje ilikuwa hai. Mzizi umeshuka, na juu kumetoka kitu kama ncha ya sindano, cheupe. Nilipokuwa naifunika tena nikaivunja.

Niliomba radhi. Hamsini na sita.


Jumanne, 17 Machi

Zimetoka! Saba! Zimepenya udongo kama sindano kweli, jani limejikunja ndani ya ala yake. Adhuhuri majani yalikuwa yamefunguka.

Sikumwambia mtu. Bi Fundi akasema, bila kugeuka, "Hongera."


Jumapili, 22 Machi

Thelathini na moja. Zilizobaki naona hazitakuja. Nimezingojea vya kutosha, sikutaka zione kwamba ninaharakisha.

Binti yangu amepiga. "Mbegu ya Mama haijambo?" Nikasema haijambo. Lilikuwa jibu la kweli, nikalirudia mara ya pili kwa sababu ya kuona raha. Akauliza kama nina mafua.


Alhamisi, 9 Aprili

Nimepalilia. Mgongo umekataa kurudi mahali pake. Kila mmea una majani sita, na ukiushika chini unahisi unavyozidi kuwa mnene. Mizizi mingine inatoka juu ya udongo kama vidole vya mtu anayetaka kusimama.

Kuku wa Bi Fundi aliingia asubuhi akang'oa minne. Nilimwona. Nilisema "samahani" na kupiga makofi. Nafikiri alielewa samahani tu.

Ishirini na saba. Sikumshtaki kwa Bi Fundi. Mwenye kuku hana kosa, na kuku hana elimu.

Nimesikia pia, bila kukusudia, wateja wawili barazani kwake wakiniita Mzee Samahani. Kumbe ndilo jina langu hapa mtaani. Nilitaka kupita nyuma ili nisiwaaibishe, lakini nilikuwa nimeshika jembe, likagonga ndoo.


Jumanne, 21 Aprili

Bwana Shamba alikuja kwa Bi Fundi kupunguza suruali. Ni kijana wa serikali, mwenye daftari kubwa kuliko langu. Akachungulia juu ya ua, akasifu mistari yangu. Nilifurahi. Kisha akaharibu siku.

Aliuliza kama nataka chakula au mbegu. Nikasema mbegu. Akatazama mahindi yangu, akatazama ya Bi Fundi, akapima urefu kwa jicho.

"Mzee, haya na yale yatachanua wiki moja."

Nikasema ni vizuri yaende pamoja.

"Si vizuri. Mhindi ni mume na mke katika shina moja. Kule juu kabisa linatoka ua la kiume, linamwaga chavua, unga unga. Ubavuni linatoka suke, na ndevu zake ndizo zinapokea. Upepo ndio mshenga. Na upepo hauulizi ua wa nani. Ya njano yataingia kwenye yako meupe, na mbegu ya mama haitakuwa ya mama tena."

Nikauliza dawa ni nini. Akasema ni ama jirani ayakate maua ya juu ya mahindi yake, ama mmoja wetu angepanda mapema, ila hilo limeshapita. Alikuwa anasema kwa sauti ya kawaida kabisa, na cherehani ya Bi Fundi ilikuwa imenyamaza. Nikamwomba ashushe sauti. Sikutaka Bi Fundi aonekane kama anaamriwa katika shamba lake.


Jumatano, 22 Aprili

Nimeandika barua kwa Bi Fundi.

Rasimu ya kwanza ilikuwa kurasa mbili, na ombi lenyewe lilikuwa nyuma ya ukurasa wa pili. Nikaifupisha. Rasimu ya pili ilikuwa fupi lakini ilisikika kama amri. Ya tatu ni nzuri. Ina salamu, shukrani kwa ujirani mwema, maelezo juu ya upepo, na ombi kwamba, endapo haitamletea udhia, na kama kuku wake hawatapungukiwa, afikirie.

Haina kosa hata moja. Nimeiweka ndani ya kopo.


Jumapili, 26 Aprili

Barua bado iko ndani ya kopo.


Jumanne, 12 Mei

Maua ya juu yametokeza, yangu na yake, siku moja. Yanafanana na fagio lililogeuzwa. Asubuhi kulikuwa na upepo.

Nikasema basi. Nikaichukua barua, nikaenda, nikasimama mbele ya cherehani. Nikaanza, "Bi Fundi, niwie radhi—"

"Umechelewa miezi miwili," akasema.

Ikabidi nikae.

Akanieleza. Kila mwaka, kabla ya mvua, marehemu mke wangu alikuwa anakuja hapo barazani. Hakubembeleza. Alisema, "Wewe, hayo ya kuku wako usipande mpaka yangu yawe na majani manne. Ukipanda kabla, nitang'oa." Na kweli, mwaka mmoja aling'oa. Mistari miwili. Kisha wakanywa chai.

Mke wangu! Mwanamke niliyemjua alikuwa anaomba radhi kwa meza akiigonga. Au labda huyo ni mimi.

"Mwaka huu nilikungoja," Bi Fundi akasema. "Mbegu ilikaa kwenye beseni wiki nzima. Nikasema mzee atakuja kunikataza. Ukatoka, ukapanda kwa rula, ukaniambia mchana mwema, samahani kwa usumbufu. Usumbufu gani? Nikajua huna habari na hiyo mbegu, unajishughulisha tu kupunguza upweke. Nikapanda."

Nikamkabidhi barua. Akaisoma yote, polepole. Akasema imeandikwa vizuri sana. Sasa hawezi kuyakata maua, maana amekwisha kumwahidi mwenye kuku wa mtaa wa pili magunia mawili, na ua likikatwa suke halitapata chavua, litatoka gunzi tupu. Angeweza mwezi wa tatu. Sasa hawezi.

Nikasema naelewa. Nilielewa kweli. Ndilo lililoniuma.


Jumamosi, 16 Mei

Bwana Shamba amerudi kuchukua suruali. Anasema kuna njia ya mikono. Kila suke likianza kuchomoza, kabla ndevu hazijatoka, lifunikwe kwa mfuko. Ua la kiume nalo lifungwe mfuko ili likusanye chavua yake. Kisha asubuhi, umande ukikauka, unafunua, unanyunyiza, unafunika. Upepo unakuta mlango umefungwa.

Mifuko nimeikunja kwa karatasi za zamani za kiwandani. Ni kalenda ambayo haikuchapwa kamwe, imejaa masahihisho yangu ya wino mwekundu. Karatasi zimetosha mahindi kumi na tisa tu, nayo sasa yamevaa kofia. Moja linasema Januari, pembeni nimeandika: "siku thelathini na moja, si thelathini na tatu."

Watu wanasimama barabarani. Mteja mmoja wa Bi Fundi alimwuliza kama huko kwangu kuna mahafali.


Jumatano, 20 Mei

Mvua kubwa. Karatasi zote zimelowa na kushuka. Mawili yalifunguka kabisa, ndevu ziko nje zimechezewa na upepo. Hayo nimeyafutia hesabu. Nilikuwa nimesimama katikati ya mistari nikijaribu kushikilia Machi na Aprili kwa mikono miwili.

Bi Fundi akaja na mwavuli, na fungu la mifuko ya kitambaa. Vipande vya sare za shule, bitana ya gauni la harusi, pazia la mtu. Kila mfuko una kamba ya kukazia shingoni. Lazima awe alishona tangu Jumamosi.

Nikaanza, "Samah—"

"Shika kamba," akasema.

Tulifunga kumi na saba. Alipomaliza akasema mfuko wa harusi lipewe lile la mwisho kulia kwa sababu ndilo limenyooka.


Jumatatu, 25 Mei

Siku ya nne ya kunyunyiza. Nimepata utaratibu. Naingia saa tatu asubuhi, nimevaa koti. Kwenye kila mfuko nabisha hodi. Bi Fundi amesema kama nitaendelea kungoja nikaribishwe, msimu utakwisha.

Chavua ni unga wa manjano, mwepesi, una harufu ya mkate unaoanza kuiva. Naukung'uta kutoka shina moja, naupeleka kwa suke la shina jingine. Bwana Shamba anasema lisijioe lenyewe mno, hudhoofika.

Na jambo hili sikulijua katika maisha yangu: kila uzi mmoja wa ndevu unakwenda kwenye punje moja. Uzi usioguswa na chavua, mahali pake gunzini pana pengo. Nimesahihisha kurasa zaidi ya nilivyokula chakula, nikadhani ndio usahihishaji. Nyuzi hizi ni mia kadhaa kwa suke moja. Nimezipitia zote kwa brashi ya rangi za maji, uzi kwa uzi.

Nimechelewa chakula cha mchana siku nne mfululizo. Hakuna wa kumtaka radhi. Nimeomba tu, kwa jumla.


Jumapili, 14 Juni

Ndevu zimekauka, rangi ya tumbaku. Bwana Shamba anasema ni dalili njema, ndevu zikikauka kazi yake imekwisha. Zangu zimekuwa nyeupe. Hakusema ni dalili ya nini.

Binti yangu amethibitisha: tarehe nane Agosti. Amenunua jembe.

Sijamwambia. Nimejiambia nitamwambia nikiwa na kitu mkononi.


Ijumaa, 10 Julai

Majani yamekauka na yanapiga kelele kama karatasi. Nimeng'oa punje moja: chini, penye kitovu chake, pana doa jeusi. Hiyo ndiyo alama. Mmea umeacha kulisha. Punje sasa inajitegemea.

Nimevuna. Yaliyofungwa, kumi na saba, nimeyabeba ndani ya koti. Yaliyokuwa wazi nimempelekea Bi Fundi. Ni ya kuku, na nusu ya ujamaa wake ni kwake.


Jumamosi, 11 Julai

Nimevua mifuko juu ya meza ya kulia chakula.

La kwanza lina mapengo mengi kuliko kinywa changu. La pili hivyo hivyo. Matatu ni magunzi tupu, yenye punje mbili tatu zilizojitenga kama watu waliokosana. Lakini lile la harusi! Limejaa. Mistari kumi na miwili, nyeupe.

Nyeupe—na humo ndani, hapa na pale, ya njano. Upepo uliingia. Njano moja kwenye mstari wa tatu, mbili kwenye wa saba. Ni makosa ya chapa hasa. Ukurasa safi na herufi moja ya fonti nyingine. Katika mahindi yote nimehesabu makosa themanini na sita. Nimeyatia alama kwenye karatasi, kila hindi na mstari wake, kisha nikayang'oa kwa kibano.

Nimeyaning'iniza juu ya jiko, katika moshi, mawili mawili. Moja limebaki pekee.

Mke wangu alifunga fundo zuri kuliko langu.


Alhamisi, 30 Julai

Nimepukuchua. Bwana Shamba aliniagiza: mbegu ni punje za katikati ya hindi. Za ncha ni changa, za kitako ni nene na za umbo baya. Hizo ni chakula. Nimezitenga katika mabakuli mawili. Za katikati ni mia tano na kumi na mbili. Za kula ni karibu mia tatu.

Zimekauka sasa. Ukizitazama kwa haraka huwezi kutofautisha bakuli na bakuli. Zote nyeupe, na mabakuli nayo ni ya seti moja, zawadi ya harusi yetu.

Niandike kibandiko. Kesho.


Jumamosi, 1 Agosti

Binti yangu amefika leo. Wiki moja kabla! Amebadilishana zamu na mwenzake. Nilikuwa bado na taulo shingoni. Nilimtaka radhi kwa hali ya nyumba. Akasema nyumba ni safi kuliko wodi.

Nimeandika mengi leo kwa sababu mikono inahitaji kazi.

Nilimketisha mezani, mabakuli mbele yetu, nikamwambia kabla hajaomba hata maji. Nilisimama. Nikasema, "Mwanangu, ulipoiuliza mbegu, haikuwapo. Niliipika msibani. Nilikudanganya. Nimepata kopo, nimeipanda upya, imetoka hivi. Nakuomba radhi, wewe na mama yako."

Kisha akasema, "Baba, mimi nililila."

Sikuelewa.

"Lile la msibani. Nilikuwa nimekaa pale chini ya dirisha. Umekuja na sinia, umenipa sahani. Nilijua ni nini. Nilikuwa namshikia Mama kamba akiyafunga tangu niko darasa la pili. Ukaniuliza kama chumvi imetosha."

"Ukasema imetosha," nikasema. Nilikumbuka.

"Ilikuwa imezidi. Ukaniongezea sahani ya pili."

"Ukala."

"Ningefanya nini? Ulikuwa umesimama."

Nikamwuliza kwa nini basi aliuliza kama mbegu ipo. Akasema kopo alilijua. Mama yake alimwambia, miezi kadhaa kabla hajafariki: nimeficha kidogo, baba yako ni mkarimu mno. Na sanduku alijua sijalifungua. "Ningekwambia fungua sanduku, ungesema ndiyo mama, samahani mama, na usifungue."

Ni kweli. Ningesema hivyo, neno kwa neno.

Miaka miwili tumekaa na siri hii, kila mtu upande wake wa simu, tukiogopa kumwaibisha mwenzake. Nadhani hiyo pia ni mbegu ya kupokezana, ila si ya mama yake. Ni yangu.

Alilia kidogo. Mimi nilitafuta leso, nikakumbuka ilioza pamoja na punje nne. Akafuta macho kwa mkono. Akacheka. Akasimama, akanisukuma kitini kwa bega kama wauguzi wanavyofanya.

"Kaa, Baba. Leo nitakupikia mimi."

Akaenda jikoni. Mimi nikachukua daftari hili, nikaandika mpaka hapa.

Sasa nimeinua macho. Mezani kuna bakuli moja.

Kibandiko sikuandika. Nilisema kesho, na kesho yake nikaenda kwa Bi Fundi kurudisha mifuko. Bakuli lililobaki lina punje nyeupe. Lililoondoka lilikuwa na punje nyeupe. Nimeliinamia hili kwa miwani ya kazi. Naona zilizonyooka, naona pia zilizo nene kidogo. Mwanga si mzuri hapa.

Yeye ni binti wa mama yake, atakuwa amejua. Lakini amekuja safari ndefu, ametoka kulia, na sikumwambia habari za katikati na ncha. Kumfuata jikoni kumwuliza umechukua lipi ni kama kumwambia simwamini. Siku ya kwanza. Baada ya aliyoyasema.

Nasikia anafungua bomba. Nasikia sufuria inawekwa.

Kutoka barazani kwake Bi Fundi anatazama moja kwa moja dirisha la jikoni kwangu. Cherehani imesimama. Ameinua mikono yote miwili kunielekea, kama mtu anayeuliza, we mzee, unangoja nini?

Kiberiti kimewashwa.

Naweka kalamu. Naingia jikoni, na sitabisha ho—